Mkono wa Bi Mwanahija Umepanda

Saida, uko wapi? Nimetoka arusini Mbegani, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unamjua Bi Mwanahija, mama mkwe wa Adila, alivyo tangu avunjike mkono karibu na bega. Mfupa ulishaunga zamani. Daktari wa mazoezi akamwambia apandishe vidole ukutani kila siku, bega lifunguke. Vikifika usawa wa kifua tu, "Nakufa." Kumvisha, Adila. Kumchana nywele, Adila.

Leo kakaa mkekani jikoni, mkono kifuani, anapewa pole. Mara Bi Maulida, na unajua hawapatani, akachota chumvi aongeze kwenye pilau.

Bi Mwanahija kasimama, kanyakua mwiko, na mkono ule ule mbovu ukapanda mpaka juu ya kichwa.

"Maulida, rudisha chumvi hiyo."

Jiko zima tukamgeukia. Hata mwenyewe akautazama mkono kama wa jirani. Akasema taratibu, "Alhamdulillahi, ni dua zenu."

Juu ya kichwa, Saida. Na mwiko.

Adila kanipigia sasa hivi. Kufika nyumbani, mkono umelala tena. "Adila mwanangu, njoo unichane."

Adila kamjibu kwa adabu zote, "Chanuo nimeliweka juu ya kabati, mama."