Hasira Zangu kwa Yule Mchora Ramani

Karakana ya Kushona,
Ghorofani, juu ya duka la rangi.
Jumanne, asubuhi.

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Marahaba! Naitikia kabla hujaniamkia, maana uvivu wako naujua. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto limejifanya mkubwa wa nyumba: likikataa ngazi, hapandi mtu.

Kitabu chako cha mapenzi kilifika. Nimekisoma chote mwenyewe, kwa siku moja, bila miwani, na hakuna neno lililonipiga chenga.

Haya, acha kucheka. Nilisomewa. Darasa langu la nne unalijua, na miwani niliikalia. Mdogo wako, huyu binti yangu, ndiye aliyesoma kwa sauti hapa karakanani, kidogo kidogo. Utaratibu wetu ni kwamba anayesoma hashoni. Kazi yake tunagawana mimi na Mama Vifungo, jirani anayetusaidia, ambaye mdomo wake haujapata kifungo cha kuutosha.

Sasa nisikilize. Yule mchora ramani za majengo nikimpata nitampima suti, na kila kipimo nimchome pini. Kijana ana mabega, ana gari, mwandishi anamsifia mpaka kope, halafu anamwacha yule nesi wa watu na mama yake mgonjwa, anaondoka kimya. Miaka inapita, hata salamu hakuna. Mama anakufa, hayupo. Ukurasa wa mwisho huyoo, kasimama mlangoni kwenye mvua, na ua moja mkononi! Eti, "Niliogopa kukupenda." Aliogopa nini, mapenzi yana meno? Na yule nesi, mwanamke aliyesoma, anamdondokea kifuani kama nguo iliyochomoka kwenye hanga.

Na muoka mikate je? Aliyemtengenezea nesi bomba, akamsaidia kumgeuza mgonjwa kitandani, akakaa naye msibani? Mwandishi kamfukuza kwa nusu ukurasa, eti ana kitambi! Mimi na kitambi changu nilichukia. Mama Vifungo alichukia zaidi: alikuwa anashona suruali za walinzi, akazipiga uzi mpaka mifuko yote ikaziba. Jana wamezirudisha, wanasema hawana pa kuweka mikono. Tunafumua mpaka sasa.

Ningecheka yakaisha. Lakini mdogo wako alipofunga kitabu alikuwa anafuta machozi, akaniambia, "Unaona, Baba? Mtu anabadilika."

"Nani kabadilika? Kalowa tu!"

Hakucheka. Ndipo nikajua kwamba hazungumzii kitabu.

Yule mwanamume wake wa viatu vyeupe amerudi, kwa simu. Unamkumbuka: alimwacha mdogo wako hospitalini, mguu uko kwenye plasta, akasema anatoka kidogo kununua maji ya kunywa. Maji gani hayo yanachukua miaka miwili? Alikwenda kuyachimba? Sasa anapiga kila jioni, mdogo wako anashuka kwenda kupokea huko chini, anauburuza mguu ule ule ambao huyo bwana hakuwepo kuuona ukipona. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua. Begi limeshateremshwa kutoka juu ya kabati.

Nilimgombeza. Nilipiga meza mpaka pini zikamwagika. Akaniangalia tu, akasema, "Baba, wewe unataka nibaki nikusomee vitabu." Mwanangu, hapo nilianza kuokota pini moja moja. Maana ni kweli nataka. Lakini si hilo tu, na kwangu mimi hasikii tena.

Na wewe nimekukasirikia, kwa taarifa yako. Vitabu vyote duniani, ukaona utume hiki! Ningekupigia simu nikutukane vizuri, lakini kuta zetu ni za mbao, na mdogo wako ana masikio.

Msalimie kaka yangu, umwambie aache kujisifia meno, najua ni ya kuweka. Wakumbatie watoto. Mama Vifungo anakusalimu sana. Anasema ukikutana na mwandishi umshike hapo hapo mpaka yeye afike. Mungu awafunike nyote kwa heri yake, asiache hata kidole nje.

Sasa lile jambo langu. Siku ulipomwacha yule mwanamume wako, nani alibeba godoro lako kushuka ghorofa zote zile? Ulilia, ukasema, "Baba mdogo, siku ukinihitaji sema tu." Sikusema kitu miaka yote hii. Leo nasema.

Mpigie mdogo wako kabla ya mwisho wa mwezi. Usimkataze, na mimi usinitaje. Mwambie tu kwamba wako naye, kabla ya siku ile ya godoro, aliwahi kuondoka akarudi, na maneno matamu kuliko ya kitabuni, ukamfungulia mlango. Halafu msimulie asubuhi yake ilikuwaje, na wiki iliyofuata, na ile iliyofuata hiyo. Usiruke kitu. Hizo ndizo kurasa ambazo mwandishi hakuziandika, na mimi siwezi kumsomea, kwa sababu ni wewe uliyekaa ndani yake.

Wako asiyeacha kukupenda hata akikununia,

Baba mdogo, Fundi.