Majani ya Bibi

Jumatatu, 3 Februari

Nimechota maji mara mbili kabla ya shule. Bibi ameanika mlenda, ile mboga ya kuvutika, juu ya bati ili ausage unga, kama kila msimu wa mvua.

Insha yangu imechaguliwa. Mwalimu Neema, mlezi wa klabu yetu ya kupinga dawa za kulevya, ameisoma mbele ya Kidato cha Tatu wote. Ataituma wilayani, maana mwezi huu wanakuja wageni kutoka nje. Serikali yao ndiyo inayosaidia kazi ya kufyeka bangi mashambani. Nimefurahi sana. Nimetoa mfano halisi, kama tulivyofundishwa: bangi iliyofichwa katikati ya mahindi, mlimani juu ya kisima chetu. Sikutaja jina la mtu.

Alhamisi, 6 Februari

Somo la uraia. Mwalimu ameeleza kwamba huko kwa wageni vijana wengi wanavuta, na wakubwa wao wameona ni afadhali mmea ukatwe huku unakoota, kabla haujavuka mpaka. Rehema akauliza: na kule kwao wanakata nini? Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema ni swali zuri, kisha kengele ikalia.

Jumanne, 11 Februari

Wafyekaji wamekuja na polisi. Magari manne mapya, viti bado vina nailoni. Watu wenye mapanga walipanda moja kwa moja mlimani, juu ya kisima. Hawakuuliza njia.

Bangi ilikuwepo, ni kweli. Lakini wamekata kila kitu. Mahindi. Ufuta. Nusu ya uwele wa Bibi, kwa sababu shamba lake linapakana. Wenye bangi walishakimbia. Bibi hakukimbia. Akimbie nini?

Wamemchukua. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 12 Februari

Nilikuwa shuleni. Haya nimeelezwa na jirani.

Ofisa wa polisi alimpa Bibi shikamoo, kwa adabu. Kisha akauliza taratibu, kama rafiki: "Bibi, majani yapo?"

Nyumbani tunaongea Kirangi. Kiswahili Bibi alijifunza ukubwani. Ofisa alimaanisha bangi, lakini kwake majani ni mboga: mlenda ni majani, kisamvu ni majani. Akajibu, "Yapo, mwanangu. Mengine juu ya bati, mengine kwenye kiroba. Nikufungie?"

Wakacheka. Bibi akadhani wamependa chakula chake, akaongeza kwamba kila mwaka humtumia shangazi Nairobi kwa basi. Wakaacha kucheka. Kwenye kiroba wakakuta unga wa kijani.

Ijumaa, 14 Februari

Bibi bado yuko kituoni. Wanasema kiroba kitapelekwa kupimwa. Lini, hawajui.

Hawakuuliza njia. Nimelifikiria hilo siku tatu. Ni mimi niliyewaonyesha mlima. Mfano halisi.

Nimemwambia Mwalimu Neema. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Alisema naye ndiye aliyeituma insha, basi tumekosea wawili. Kisha: "Kesho twende wote. Beba magadi ya kupikia mlenda na mwiko."

Jumamosi, 15 Februari

Tuliomba kuupika ule unga mbele yao. Mkuu wa zamu alikataa. Kielelezo hakipikwi. Mwalimu akasema basi achote yeye mwenyewe, kijiko kimoja tu. Walibishana karibu saa nzima. Mwishowe askari wa kike, mtu wa Hombolo, ambako nako hula mlenda, akaleta jiko la mkaa bila kuagizwa.

Maji yakachemka. Magadi. Kijiko cha unga. Niliogopa kwamba Bibi ameusaga mno na hautavuta. Nikakoroga. Hakuna kitu. Nikakoroga tena. Nilipoinua mwiko, uzi wa mlenda ukaufuata kutoka sufuriani mpaka usawa wa kifua changu.

Askari wa kike akasema, "Afande, mboga hii haivutwi. Inavuta yenyewe."

Hata mkuu alicheka. Bibi alitoka saa tisa. Amekonda. Hakuna aliyemwomba radhi. Yule askari alimwita mama, akaomba mlenda kidogo wa kulia ugali. Bibi akampa.

Jumatano, 19 Februari

Wageni kutoka nje wamefika hapa kwetu Kolo. Nimesoma insha. Sikuondoa yale ya bangi, bado naamini inaharibu watu. Nimeongeza aya moja: uwele uliokatwa, wenye bangi ambao hawakukamatwa, bibi aliyelala kituoni kwa ajili ya mboga. Nimemalizia kwa swali la Rehema.

Mkalimani alikwama kwenye neno majani. Nilimwambia kwetu lina maana mbili, tafadhali azitafsiri zote. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, aliandika kitu kwenye daftari lake. Hakujibu swali. Ila aliliandika, nadhani.

Jumapili, 23 Februari

Tumepanda kunde pale uwele ulipokatwa. Mvua zilizobaki huenda zikatosha.

Nilimwambia Bibi tukiwa shambani kwamba insha ilikuwa yangu. Hakuinua kichwa. Aliniuliza kama niliandika uongo. Nikasema hapana. Alipanda mpaka mwisho wa mstari, kisha akanipa mbegu nyingine kiganjani.

Jioni jirani alipita, akauliza kama Bibi ana majani ya kumgawia.

Bibi alitazama barabarani kwanza.

"Mlenda," akasema. "Nina mlenda."