Elektroni Niliyoipinda kwa Miaka Kumi na Moja

Alhamisi jioni. Milima ya Uluguru imejifunika wingu tangu asubuhi, mtaa wetu wa Kihonda wote ni tope, na mimi nina aibu ambayo hata chai ya tangawizi imeshindwa kuishusha.

Leo nimekaguliwa.

Mthibiti ubora wa shule alipangiwa kuingia kipindi changu cha fizikia, kidato cha sita. Mada: mwendo wa chembe zenye chaji katikati ya mabamba mawili sambamba. Ningeweza kuchora ubaoni tu kama kila mwaka. Lakini mkuu wa shule alininong'oneza kwamba mgeni huyu anapenda sana zana za kufundishia. Na nafasi ya mkuu wa idara ya sayansi iko wazi, nami naitaka. Naandika wazi hapa kwa sababu ofisini huwa nasema siitaki.

Basi nikatengeneza zana. Mifuniko miwili ya sufuria, nimeisimamisha ikitazamana, kila mmoja umebanwa kwenye kopo la plastiki. Katikati nikaning'iniza kwa uzi kijipira cha karatasi nilichokivika foili. Umeme nikautoa kwenye raketi ya kuulia mbu: nikaifungua, nikavuta nyaya zake hadi kwenye mifuniko, mmoja ukawa chanya, mwingine hasi. Ukibonyeza kitufe, kijipira kinagusa mfuniko hasi, kinabeba chaji, kinasukumwa hadi upande wa pili, kinaibwaga, kinarudi. Tik, tik, tik. Jana nyumbani kilicheza vizuri mpaka mume wangu akaacha taarifa ya habari akaja kutazama.

Leo kikagoma. Hewa ilikuwa na unyevu mwingi, chaji inatoroka kabla ya kufanya kazi. Nabonyeza, kijipira kimening'inia tu. Mthibiti ubora, mzee wa suti ya kaki na miwani yenye kamba, akaandika kitu kwenye faili lake. Aliandika kwa muda mrefu.

Nikavua mtandio, nikafuta mifuniko na makopo, nikabadilisha uzi. Nikabonyeza tena. Tik. Tik, tik, tik! Darasa likapiga makofi. Mzee akasahau faili, akainuka, akaja hadi mezani akitabasamu.

"Mwalimu, na tukiisogeza karibu zaidi?"

Sijafungua mdomo, ameshashika mfuniko mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa mkono wa kushoto.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Maria Mama wa Mungu!" Mzee aliruka, faili likaanguka, kopo moja likafuata. Raketi ile haiui mtu, umeme wake ni wa saizi ya mbu. Lakini mbu hana cheo. Wanafunzi wote waliinamia madaftari ghafla kama wanaotafuta kitu, ila mabega yalikuwa yanatikisika.

Kwa kuchanganyikiwa nikamwamkia upya. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, huku anapuliza vidole.

Nilitaka wasahau haraka, nikakimbilia ubaoni. Nikachora mabamba mawili na elektroni inayoingia katikati yake kwa mlalo. Inavutwa kuelekea bamba chanya lililo juu, njia yake inapinda kama ya jiwe lililorushwa, tofauti tu ni kwamba hii inapindia juu. Inatoka nje ya mabamba, nami chaki yangu ikaendelea kupinda, kupinda, mpaka kona ya ubao. Nimechora hivyo miaka kumi na moja.

Restituta akanyoosha mkono. Huyu ni binti wa wakulima wa mboga wa kule juu milimani, mpole, hata kupiga chafya anaomba ruhusa.

"Madam, ikishatoka pale kwenye mabamba, nani anaivuta?"

Nikamwambia akae, tutalijibu mwishoni. Huo ndio uongo wa walimu wote, na mzee anaujua, maana naye aliwahi kuwa mwalimu.

"Mwache aje ubaoni," akasema.

Restituta akaja. Akafuta mkia wa mchoro wangu, akachora mstari ulionyooka. Akasema polepole kwamba uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji inavutwa, uko katikati ya mabamba tu. Nje hakuna kani, kwa hiyo elektroni inakwenda moja kwa moja kuelekea ilikokuwa imeelekea.

Niliutazama ule mstari.

Yuko sahihi. Mchoro wangu niliunakili chuoni usiku wa kuamkia mtihani, na hesabu za sehemu ya nje ya mabamba huwa naziacha kama kazi ya nyumbani ambayo sijawahi kuisahihisha. Kibaya zaidi, Jumatatu nilirudisha majaribio. Restituta alichora mstari ulionyooka. Nilimkata alama nne kwa kalamu nyekundu, nikaandika, "Soma notisi zako."

Nikalisema hilo mbele ya wote. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Nikasema Restituta anarudishiwa alama zake.

Kaka mkuu akasimama. "Madam, na sisi tuliokuamini?"

"Nyie mtabaki na alama zenu. Kosa ni langu."

Restituta akageuka, uso umekunjamana. "Kwa hiyo aliyepata na aliyekosa tumelingana?"

Nikatangaza kwamba Jumatatu jaribio linarudiwa, darasa likaguna kwa sauti moja, na wakati huu hata mzee alicheka.

Alipoondoka aliniambia zana ni nzuri ila niiwekee onyo. Kwenye kitabu cha ukaguzi cha shule ameandika, "Mwalimu hukubali kusahihishwa na mwanafunzi." Nimeisoma sentensi hiyo mara sita. Bado sijui kama ni sifa.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka Deo. Nilimfundisha zamani, sasa naye ni mwalimu wa fizikia huko Kilosa. Nikawaza: Deo naye ana wanafunzi, na wanafunzi wana madaftari. Nikampigia, nikamweleza yote.

"Madam, ile niliigundua chuoni mwaka wa kwanza. Nilipata sifuri."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuja mpaka mlangoni pa ofisi yako, madam. Nikarudi." Akakohoa. "Ulikuwa unaturushia chaki."

Ni kweli. Nilikuwa narusha, na nilikuwa na shabaha.

Simu imekatika, chai imepoa. Najiuliza: ni mambo mangapi mengine ninayoyafundisha kila mwaka, ambayo darasa zima linajua si kweli, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuniambia?