Udongo wa Dimbwi la Sori

Sori, 9 Machi 1966

Mpendwa Susana,

Natumaini hujambo, na kwamba Mama amepona kikohozi. Huku jua linachoma, na paka wa ofisini amezaa juu ya koti langu.

Unakumbuka dimbwi la nyuma ya soko, ambapo tulitazama visamaki vyekundu vikila viluwiluwi vya mbu? Limekauka. Bwana Mkubwa wa ofisi yetu anataka kulifukia kesho, ajenge ghala la pamba. Nilimwambia samaki wale wameacha mayai udongoni, na mayai yanangoja mvua. Alicheka mbele ya watu wote.

"Karani, samaki wako wamepanda basi kwenda Isebania?"

Kisha akaacha kucheka. "Ukinipinga tena, tafuta kazi kwingine."

Susana, najua baba yako, Mzee Ryoba, alikubali posa yangu kwa sababu nina kazi. Ningeweza kunyamaza.

Lakini jana nilichota udongo wa dimbwi, nikautia kwenye karai, nikaumwagia maji ya mvua niliyokuwa nimeweka akiba. Asubuhi sikuona kitu. Mchana huu nimeinama tena, nikaona nyuzi nyembamba zinaogelea, na kila uzi una macho mawili.

Mweleze baba yako wewe mwenyewe kwamba huenda nikafukuzwa kazi, kabla hajasikia sokoni. Nikishafunga barua hii, nitabeba karai hadi ofisini na kuliweka mezani pa Bwana Mkubwa.

Wako, anayeogopa kukukosa,
Cephas