Msiba wa Baba Kwenye Albamu ya Soksi za Babu

Hamburg, Ujerumani

Kwako mdogo wangu Shabani,

Asalaam aleikum. Salamu hii nakupa kwa sababu Mama alitulea hivyo, siyo kwa sababu unaistahili. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mpunga je, maji yameuacha salama? Na juu dunguni, kulinda shamba, nani anafukuza nguruwe, wewe au bado unamwachia mkeo? Mimi mzima. Kazi ni ileile ya kuosha vyombo katika jiko la hoteli, mikono imechubuka kwa sabuni. Baridi nimeizoea. Wewe ndiye nisiyekuzoea.

Unamkumbuka yule Mjerumani mwenye hereni puani, aliyekuja huko Mahege kuchimba visima ukampa mpaka kitanda chako? Kumbe kwao ni mpiga ngoma wa bendi. Wanajiita Soksi za Babu, na muziki wao ni wa panki: magitaa yanapigwa kama watu wanaogombania bati, mwimbaji anapayuka, anacheua, halafu wote wanacheka. Mzaha mtupu. Wameingia studio wametoa albamu, na vijana wa hapa jikoni wanaipenda kuliko chakula.

Jumamosi moja mpishi akaweka kaseti yao. Wimbo ukakatika ghafla, nikasikia Kiswahili. Nikamsikia Bi Tatu, mtani wetu, ananiigiza mimi. Sufuria ilinidondoka.

"Jamani, mie ndiye Zuhura wa Ulaya! Nimekuja kumzika baba! Halo? Halo? Mshusheni polepole, mie huku nimeshika simu, baridi inanitafuna!"

Watu wakaangua kicheko, msibani kwa Baba. Magitaa yakaingia juu yao. Jiko zima nalo likacheka, wala hawakuelewa hata neno. Mpishi akaniuliza yule bibi anasema nini. Nikamwambia anauza samaki.

Na Bi Tatu sina ugomvi. Mtani ana haki yake msibani. Avae kanzu ya marehemu, aige mwendo wake, amseme mwana asiyekuja, na mfiwa akinuna ndiye mwenye makosa. Ningekuwepo ningemjibu. Lakini utani ule ni wa pale pale, kaburi likiwa bichi, kati ya watu wanaojua kwamba kesho yake Bi Tatu huyohuyo ndiye atakayempikia Mama uji. Nani alikutuma umruhusu mgeni aweke kinasa sauti chake kwenye msiba wa Baba? Ulidhani kwa kuwa tunacheka, basi ni kichekesho cha kila mpita njia? Wewe ni mjinga, Shabani. Nimeliandika kwa wino ili lisifutike.

Tena hilo ni dogo. Uliniandikia kwamba siku ile ya mazishi Mama aliniita, aliniita, mpaka akazimia. Hati zangu za kuishi huku zilikuwa hazijatoka, ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi, nawe ulijua. Tangu hapo kila nikiinamia masufuria namwona Mama kalala chini analia jina langu. Mwenzio nimekonda kwa hilo. Sasa nimesikia kwa masikio yangu: kwenye kaseti, Bi Tatu anaponiigiza, Mama ndiye anayecheka kuliko wote. Kwa nini ulinidanganya? Ulitaka nione nimekosekana, au ulitaka tu niumie?

Halafu barua yako ya juzi unaniagiza eti nikupatie kaseti hiyo uipige dukani kwako Kibiti, wateja wasikie sauti zetu zimefika Ulaya. Huna hata haya. Sileti, na ukimwandikia yule rafiki yako wa hereni puani akuletee, ujue huna dada.

Msalimie shangazi, anayekukanya bure, na wifi yangu mkeo, anayekuvumilia. Bi Tatu mwambie nimemsikia, na siku nikija ajiandae, ninayo ya kumrudishia. Mama mwambie sijambo, ila barua hii usimsomee.

Kaseti yenyewe nimeinunua, iko nami chumbani. Nikitoka kazini nairudisha nyuma mpaka pale kwa Mama. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Nacheka naye kidogo, halafu magitaa yanaingia, nakuchukia upya.

Ni mimi dada yako,
Zuhura