Zuleha Hajafa, Abdala, Usitie Dole

Bagamoyo, nje ya hospitali
9 Septemba 1952

Mpendwa mwanangu Abdala bin Mwinshehe, shamba la mkonge, Muheza,

Anayekuandikia ana miaka sabini na nne. Ndui ilinipata ikashindwa. Mjerumani nilimwona akija, nikamwona akiondoka. Homa ya mafua iliyokuja baada ya vita ilizika nyumba kumi na moja Mkange, mimi ikaniacha nimekaa kitandani nadai uji. Majumbe wanne nimewaswalia jeneza. Basi mtu kama huyo akikwambia neno, lishike kuliko neno la utingo wa lori.

Shikamoo yako naijua ipo, marahaba mwanangu. U hali gani? Kifua je, na vumbi la mkonge? Ule mguu uliochomwa na mwiba umefunga? Mama yako mkubwa Mwanamvua hajambo, yuko Mkange. Mimi sijambo, ila mgongo.

Naandika kwa mkono wangu. Mwandika barua wa hapa sokoni nimemkataa, anakata maneno ya watu.

Sasa sikiliza. Umeambiwa na utingo huyo kuwa mkeo Zuleha amekufa tukamzika. Hajafa. Yuko ndani ya nyumba hii niliyoegemea ukuta wake, na asubuhi amekunywa chai akailaumu kuwa haina tangawizi.

Nimesikia pia umesoma hitima, na unataka kutia dole mkataba wa miaka miwili mingine kwa kuwa huna tena wa kumrudia. Usitie. Kama mkono umekwisha kupakwa wino, ufute.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwezi uliopita Zuleha alishikwa na kichomi. Siku ya kwanza tukampa dawa ya mvuje, siku ya pili tukamsomea, siku ya tatu akawa anavuta pumzi kama anayekata kuni. Nyumba ya dawa tuliyoijenga wenyewe Mkange unaijua, wewe ndiye uliyekandika ukuta wa nyuma. Ina mlango na bati. Dresa wa kutibu watu hajaletwa, wala chupa moja ya dawa. Wanalala mbuzi.

Nikasema abebwe mpaka barabara ya malori. Tukapata vijana wanne na kitanda cha kamba. Jua lilikuwa kali, nguo pana iliyo safi nyumbani ni moja tu, sanda yangu. Unajua nimeiweka sandukuni tangu mwaka wa njaa, na kafuri yake. Mwanamvua akanishika mkono.

"Mume wangu, unamchuria mtoto."

"Sanda ni yangu," nikamwambia, "na mwenyewe niko hai. Inamchuria nani?"

Nikamfunika. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri kwako peke yako.

Kabla ya kufika Miono, Sharifu yule mchoma mkaa akatuona. Aliona kitanda, nguo nyeupe, akanusa kafuri. Akavua kofia, akatia bega. Nyuma yake wakaja wengine. Unajua desturi yetu, hakuna mwanamume anayeliacha jeneza lipite bila kulibeba hatua chache apate thawabu, na jeneza haliendi polepole. Vijana wangu walikuwa wamechoka hoi, na sasa kitanda kinakimbia. Shamba kwa shamba watu wanaacha majembe wanakuja. Mimi nyuma na bakora, kimya. Uongo sikusema, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Lakini nilianza kuogopa. Zuleha hakukohoa njia nzima tangu Miono, na mimi nimekatazwa na ujanja wangu mwenyewe kufunua nguo nimtazame.

Siku ya pili, alasiri, tukalifikia lori. Dereva ni mtu wa bara, Raymundi. Akatazama kitanda, akatikisa kichwa.

"Pole, mzee. Maiti sipakii. Tajiri wangu atanifukuza."

Nikafungua mdomo nimjibu, na nguo ikasogea. Mkono ukatoka, kisha uso.

"Kaka, mimi si maiti," Zuleha akasema. "Nina kiu."

Wawili wakakimbia. Sharifu hakukimbia, alinigeukia mimi.

"Mzee Mwinyijuma, tangu jana nambeba nikimwombea maiti. Umetutia dhambini?"

"Thawabu ya mgonjwa ni ndogo?" nikamwuliza. "Mpe maji."

Akampa, kwa kibuyu chake mwenyewe, ingawa alinuna.

Raymundi akatupakia mpaka Msata, akakunja njia mpaka hapa, hakutaka kitu. Muuguzi anaitwa Gertruda. Amempiga sindano siku nane. Akaniambia tungechelewa siku moja tu tungekuja na jeneza kweli. Nikamwambia anionyeshe hiyo dawa. Abdala, ni kichupa. Kinaingia katika kiganja changu kikapotea. Mwanangu Zuleha amekimbizwa siku mbili kufuata kitu ambacho kingekaa rafuni Mkange bila kumsumbua mtu. Mtoza kodi anafika kwetu hata masika, matope yamempanda magotini. Njia hiyo hiyo dawa haiijui?

Basi jana nikaenda barazani kudai dresa na dawa za Mkange. Nimesema kudai, si kuomba. Karani akafungua kitabu chake. Wale waliobeba walikwisha kueneza habari, naye ameandika Zuleha alitoka Mkange maiti.

"Dawa ingemfufua?" akaniuliza, na watu wakacheka.

Nikamwambia yu hai, twende wodini. Akasema mwanamke yeyote anaweza kuitwa Zuleha, na baba mwenye shauri lake hasikilizwi. Aje mumewe amtambue mbele ya baraza. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba. Ikipita hiyo, maneno ya Mkange yamefungwa mwaka mzima, na mbuzi waendelee kulala.

Mimi sijamwomba mtu kitu tangu nilipooa. Leo nakuomba wewe. Njoo. Gertruda anasema siku hiyo Zuleha atakuwa na nguvu za kusimama. Jirani wa kitanda chake hakusimama, alitoka Lugoba, alifika siku ya tano ya kichomi. Tulimzika Ijumaa. Sanda yangu amekwenda nayo yeye.

Nisalimie Bwanausi na wote wa Mkange walio huko mkongeni. Mwanamvua, dada yako Ashatu na bibi Somoe wanakusalimu. Mungu akufikishe salama na akupe lori lenye dereva mwema.

Mimi baba yako mkubwa na mkweo, nikupendaye,
Mwinyijuma bin Ausi

Ukiona mzee anajitapa, waulize hawa: Raymundi dereva, hupita Muheza kila wiki. Sharifu mchoma mkaa, ingawa bado amenuna. Gertruda muuguzi. Na wa nne ni Zuleha. Hajui kuandika, ametia dole hapo chini, na amesema nikuandikie neno ambalo mtu mwingine halijui: kanzu yako ya Idi haikuliwa na panya. Aliiunguza yeye kwa pasi ikatoboka, akaificha chini ya kinu. Panya ulimpiga bure.