Kwa Bosi Wetu, Mkaguzi wa Mikono

Mwaka umezunguka, Bosi wetu, tangu ututoke ukiwa na miaka saba, na hadi leo hakuna anayeingia chumbani kwako bila kunawa mikono.

Wewe ndiye uliyetuzoesha. Saratani ya damu ilipokulaza hospitalini, daktari alisema dawa zimeshusha kinga yako, basi ukajipa kazi ya ukaguzi. "Onyesha. Geuza. Rudi ukanawe." Babu, fundi cherehani mzima, ulimrudisha bombani kwa sababu ya chaki kwenye kucha. Akanung'unika, "Huyu angekuwa askari, tungekoma." Ukamwambia, "Bado hujakoma."

Kisha homa ikagoma kushuka. Dawa zikabadilishwa, wapi. Tulipoambiwa ni fangasi kwenye mapafu, Bibi aliduwaa: "Fangasi si ya vidole vya miguu?" Hata sisi tulidhani hivyo. Daktari akatueleza kwamba inaweza kupeperuka na vumbi la kuta kuukuu. Mtu mzima wa afya anaivuta wala hana habari, lakini mtoto asiye na kinga inaweza kumuua. Wewe uliipatia wapi, hakuna ajuaye. Tulilia, na bado tunalia.

Lakini hatukukunja mikono. Baada ya wewe kututoka, hospitali ilipotaka kubomoa ukuta kuukuu unaopakana na wodi yenu, Mama alikwenda kwa daktari mkuu, akaketi. "Watoto wahamishwe kwanza."

"Mama, ni kazi ya siku chache tu."

"Basi siku hizo chache wakae kwingine."

Hakunyanyuka, hadi daktari wako alipokuja kumuunga mkono. Watoto walihamishwa. Baba alibeba vifaa vyake vya useremala, akaziba kila upenyo wa mlango na madirisha ya kule walikopelekwa.

Juzi tulikwenda kuwaona. Mlangoni tulimkuta rafiki yako wa kitanda cha jirani, bado yuko kwenye matibabu, kichwa hakina hata unywele, mkono kiunoni. Alimtazama Babu juu hadi chini.

"Onyesha. Geuza."

Babu alikuwa ameshanawa, Bosi. Alirudi bombani hata hivyo, na sote tukamfuata.

Unakumbukwa na Mama, Baba, Babu, Bibi, na kaka yako uliyemwita Msaidizi. Hatujakusahau, wala hatutakusahau kamwe. Mikono yetu ni safi.